Henry Ford: Fundi Aliyevusha Viwanda Kufuata Ushuru

Kila aliyesoma jiografia sekondari anaikumbuka ile orodha. Kiwanda hujengwa wapi? Karibu na malighafi, penye nishati, penye vibarua, penye soko, penye reli au bandari. Halafu mwisho kabisa, namba sita au saba, tunaandika sera ya serikali, tunapiga mstari, tunafunga daftari. Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza hiyo ya mwisho inafanya nini hasa, maana serikali haina makaa ya mawe wala mto. Nikababaisha. Kengele ikaniokoa.

Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa. Ningeweza kumpa nadharia, lakini nimeona nimsimulie maisha ya mtu ambaye jina lake liko kwenye magari mpaka leo, Henry Ford. Wengi tunamjua kwa mambo mawili: gari la bei nafuu na mstari wa kuunganishia magari. Jambo la tatu halisemwi sana. Katika uhai wake, viwanda vyake vilihama, vilizaliwa na vilidhoofika kwa sababu ya makaratasi ya forodha.

Mtoto wa shamba asiyependa shamba

Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 kwenye shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka wilaya ya Cork, kusini mwa Ireland, aliyevuka bahari mwaka 1847 wakati wa ile njaa kubwa ya viazi. Tukumbuke hilo jina la Cork, tutalirudia.

Mama yake alifariki mwaka 1876, Henry akiwa na miaka 12. Shamba halikumvutia hata kidogo. Alichopenda ni kufungua saa za watu na kuzirudishia. Alipofika miaka 16 akaenda Detroit kujifunza ufundi wa mashine. Mwaka 1888 alimuoa Clara Bryant, na mwaka 1891 akaajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu. Usiku, nyuma ya nyumba, alikuwa anahangaika na injini ya petroli. Juni 1896 gari lake la kwanza likakamilika, kitu kama baiskeli mbili zilizoungwa pamoja. Alipotaka kulitoa akagundua mlango wa banda ni mwembamba. Akachukua shoka akabomoa ukuta.

Biashara haikumnyookea haraka. Kampuni ya kwanza ilikufa. Ya pili aligombana na wenye mtaji akaondoka. Ya tatu ndiyo Ford Motor Company, iliyosajiliwa tarehe 16 Juni 1903 kwa mtaji wa fedha taslimu dola 28,000. Yaani wakati anaanza kufanikiwa alikuwa na karibu miaka 40. Wale wenzangu mnaojiona mmechelewa maisha mkiwa mwaka wa pili, mpumue.

Mto mmoja, nchi mbili

Detroit uko kando ya mto. Ng'ambo, unakoweza kukuona kwa macho, ni Kanada. Upande ule kulikuwa na mji mdogo wa Walkerville, na ndani yake karakana ya kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi, ambayo biashara yake ilikuwa inadorora. Msimamizi wake, Gordon McGregor, alipiga hesabu moja.

Kanada wakati huo ilikuwa inatoza ushuru wa asilimia 35 kwa gari lililotoka nje. Chukua gari la dola 1,000. Likivuka mto tu, limepanda hadi dola 1,350 kabla muuzaji hajaongeza faida yake. Hakuna kilichobadilika kwenye gari lenyewe. Injini ni ileile, matairi ni yaleyale, limevuka maji tu. Lakini gari hilohilo likiunganishwa upande wa Kanada, kwa mikono ya Wakanada, na baadhi ya vipande vikatengenezwa hukohuko, sehemu kubwa ya mzigo huo inaondoka.

McGregor akavuka kwenda kumwona Ford. Agosti 1904, mwaka mmoja tu baada ya kampuni mama kuanza, Ford ya Kanada ikazaliwa ndani ya ile karakana ya mikokoteni. Vipande vilivushwa kwa feri, vikaunganishwa upande wa pili. Sasa tuitazame orodha yetu ya jiografia. Malighafi za Walkerville zilikuwa zilezile za Detroit. Mto ni uleule, hali ya hewa ileile, na Detroit ulikuwa na mafundi wengi zaidi. Kwa vigezo vyote vya juu kiwanda cha pili hakikuhitajika. Kilijengwa kwa sababu ya kile kigezo cha mwisho.

Kulikuwa na faida nyingine. Kanada ilikuwa ndani ya himaya ya Uingereza, na bidhaa kutoka nchi moja ya himaya mara nyingi zilipata nafuu ya ushuru zikiingia nchi nyingine ya himaya. Kwa hiyo kampuni ya Kanada ilipewa haki ya kuuza karibu himaya yote, isipokuwa Uingereza na Ireland. Katika miaka ya 1920, viwanda vya Ford vya Afrika Kusini, Australia na India vilifunguliwa kama watoto wa Ford ya Kanada, siyo ya Detroit. Mtu wa Port Elizabeth alinunua gari lenye jina la Mmarekani, lakini njia liliyopitia ilikuwa imechorwa na forodha ya Waingereza.

Gari la kila mtu

Huku nyumbani Ford alikuwa anaandaa kazi yake kubwa. Oktoba 1908 alitoa Model T, kwa dola 850 hivi. Lilikuwa gari gumu, rahisi kutengeneza, linalopita kwenye tope la vijijini. Mwaka 1913, kiwanda chake cha Highland Park kikaanza kutumia mstari unaotembea: gari linamfuata fundi badala ya fundi kulifuata gari. Kuunganisha fremu moja kulikokuwa kunachukua saa 12 na nusu kukashuka hadi dakika 93. Bei nayo ikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka katikati ya miaka ya 1920 ikawa chini ya dola 300.

Kazi ile ilichosha akili. Watu waliajiriwa leo, kesho wameacha. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa nane, karibu mara mbili ya yaliyokuwepo. Dunia ikashangaa. Watu walijaa getini kwenye baridi kali kuomba kazi. Ila hela ile ilikuwa na masharti: maofisa wa kampuni walipita majumbani kukagua kama mfanyakazi anakunywa pombe, anaweka akiba, anaishi vizuri na mkewe. Fikiria bumu lako linatoka, halafu mtu anakuja hosteli kukagua chini ya kitanda.

Wakati huohuo magari yalikuwa yanakwenda mbali. Mwaka 1911 Ford alifungua kiwanda cha kuunganishia Trafford Park, Manchester. Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu mwaka huo Uingereza haikuwa na ushuru wa magari hata senti. Kilichompeleka ni soko, pamoja na nauli ya meli. Kusafirisha gari zima ni kama kupandisha kitanda kilichokwisha kufungwa juu ya daladala, unalipia hewa. Ukikifungua mbao mbalimbali, vitanda kadhaa vinaingia palepale. Kwa hiyo ushuru siyo sababu pekee ya kujenga kiwanda nje. Anayesema kila kiwanda duniani kilijengwa kwa ajili ya ushuru naye amekosea, sawa na anayeusahau kabisa.

Ushuru ulifika Uingereza Septemba 1915, katikati ya vita. Waziri wa Fedha, Reginald McKenna, alitoka chama cha Liberal kilichoamini biashara huria, lakini meli zilikuwa chache na fedha za kigeni zinaisha. Akaweka theluthi moja ya thamani, yaani asilimia 33 na kidogo, juu ya vitu alivyoviona vya anasa: magari ya abiria, saa, ala za muziki, filamu. Ilisemekana ni wa muda. Uliondolewa mwaka 1924 na serikali ya Labour, ukarudishwa mwaka 1925 na Winston Churchill akiwa Waziri wa Fedha, ukaendelea kwa miongo mingine.

Matokeo yalionekana kwa macho. Kiwanda cha Manchester kikazidi kutafuta vipande ndani ya Uingereza badala ya kuvileta kwa makasha kutoka Detroit. General Motors, wapinzani wa Ford, wakanunua kampuni ya Kiingereza ya Vauxhall mwaka 1925. Wafaransa wa Citroën wakafungua kiwanda Slough mwaka 1926. Ukuta ulipopanda, waliokuwa nje waliingia ndani na kujenga.

Cork: mapenzi na mpaka

Sasa turudi Cork. Ford alitembelea kwao na baba yake mwaka 1912. Ni nchi aliyoondoka baba yake akiwa maskini, na vijana wake bado walikuwa wanapanda meli kwenda Amerika. Mwaka 1917 akaanzisha kampuni ya kutengeneza matrekta kwenye jiji la Cork, mahali palipokuwa uwanja wa mbio za farasi kando ya mto Lee. Hapo kigezo kilikuwa moyo zaidi ya orodha ya jiografia. Cork haikuwa na makaa ya mawe, haikuwa na chuma, na ilikuwa mbali na wakulima wengi ambao wangenunua trekta. Trekta la kwanza lilitoka Julai 1919.

Miaka michache baadaye Cork ikawa inatengeneza pia vipande vya Model T na kuvipeleka Manchester. Mpango ulikuwa mzuri kwa sababu Ireland na Uingereza zilikuwa nchi moja kiforodha. Lakini Ireland ilikuwa kwenye vita vya uhuru, na Desemba 1922 Dola Huru ya Ireland ikazaliwa. Tarehe 1 Aprili 1923 mpaka wa forodha ukaanza kufanya kazi. Kuanzia siku hiyo, kipande kilichotengenezwa Cork kikifika Manchester kilihesabika kimetoka nchi ya kigeni. Kikatozwa ushuru uleule wa McKenna.

Hapa nataka tusimame kidogo. Watu wa Cork walipigania uhuru na kuupata. Ni jambo la haki, hakuna anayelipinga hapa. Lakini mfanyakazi wa kiwanda aliamka asubuhi akakuta kazi yake imekuwa ghali zaidi, na yeye hajapunguza bidii hata kidogo. Kiwanda kikalazimika kujipunguza na kuunganisha magari kwa ajili ya soko dogo la Ireland.

Mwaka 1929 bahati ikarudi. Ford alihitaji nafasi Marekani kwa ajili ya gari jipya, Model A, akahamishia utengenezaji wote wa trekta Cork. Ajira zikapanda hadi maelfu, na kiwanda kikawa kati ya vikubwa kabisa nchini. Haikudumu. Mdororo wa dunia ulipunguza wanunuzi. Mwaka 1932 Uingereza ikaacha rasmi biashara huria na kuweka ushuru wa jumla, na mwaka huohuo Uingereza na Ireland wakaanza kupandishiana ushuru kwa ugomvi wa madeni ya ardhi. Kufikia mwaka 1933 trekta zilikuwa zinatengenezwa Dagenham, karibu na London. Watu wengi wa Cork waliifuata kazi huko. Walikuwa wakirudi nyumbani likizo na suti na hela, majirani wakawaita Yanks wa Dagenham.

Kiwanda cha Cork kilibaki kikiunganisha magari nyuma ya ukuta wa ushuru wa Ireland yenyewe. Baada ya Ireland kujiunga na soko la pamoja la Ulaya mwaka 1973 ukuta huo ukawa lazima ubomolewe hatua kwa hatua, na mwaka 1984 kiwanda kikafungwa. Ford alikuwa amekufa miaka 37 nyuma. Mpaka wa mwaka 1923 ulikipunguza, ushuru wa Ireland ukakilinda, na kuondolewa kwa ulinzi huo kukakimaliza.

Jioni moja Ikulu ya Marekani

Dagenham yenyewe ilikuwa jibu la ukuta. Kama Uingereza haitaki magari ya nje, basi tujenge kiwanda kizima hapahapa, chenye tanuru na gati lake mtoni. Gari la kwanza lilitoka Oktoba 1931. Lakini ushuru haukumwokoa Ford na tatizo lingine. Tangu mwaka 1921 Waingereza walikuwa wanalipia gari kodi ya mwaka ya pauni 1 kwa kila nguvu ya farasi, na Model T ilikuwa na injini kubwa. Wateja wakakimbilia Morris na Austin. Ilibidi mwaka 1932 Ford itoe gari dogo, Model Y, lililobuniwa kwa ajili ya soko la huko. Kumbe kodi ikikaa kwenye injini, hata umbo la gari linabadilika.

Ujerumani hali ilikuwa hiyohiyo. Oktoba 1930 Ford mwenyewe, pamoja na meya Konrad Adenauer ambaye baadaye alikuja kuwa Kansela wa Ujerumani Magharibi, waliweka jiwe la msingi la kiwanda cha Köln. Magari yalianza kutoka mwaka uliofuata, na mji huo unahusishwa na Ford mpaka leo.

Miezi michache kabla ya safari hiyo kulitokea jambo la ajabu kidogo. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya Smoot na Hawley, ya kupandisha ushuru wa bidhaa nyingi sana zinazoingia Marekani. Mtu angedhani Ford, mwenye viwanda, angeshangilia. Badala yake alikwenda Ikulu akakaa na Rais Herbert Hoover jioni nzima akimsihi asisaini, akiiona sheria hiyo kuwa upumbavu wa kiuchumi. Hoover alisaini tarehe 17 Juni 1930. Nchi nyingine zikajibu, Kanada ikiwa ya mwanzo, na mauzo ya magari ya Marekani nje yakaporomoka pamoja na uchumi wa dunia.

Ford alikuwa anajua kitu ambacho wabunge hawakukijua, kwa sababu alikuwa amekiishi tangu Walkerville. Kila ukuta ulimlazimisha kujenga kiwanda kingine, kidogo kuliko cha Detroit, kinachotengeneza magari machache kwa gharama kubwa zaidi kwa kila moja. Nguvu yake yote ilikuwa kutengeneza mengi mahali pamoja. Na kuna mahali ukuta ulimtoa kabisa. Japani alikuwa na kiwanda Yokohama tangu mwaka 1925, lakini mwaka 1936 serikali ya huko ikatunga sheria ya kupendelea watengenezaji wa ndani, na kabla ya miaka ya 1940 kazi ya Ford kule ilikuwa imekwisha. Toyota na Nissan walikulia kwenye nafasi hiyo.

Upande wa giza

Sitamaliza kama vile nimeandika sifa za marehemu. Kuanzia mwaka 1920 gazeti lake la Dearborn lilichapisha mfululizo wa makala za chuki dhidi ya Wayahudi. Aliomba radhi mwaka 1927 baada ya kushitakiwa, lakini mwaka 1938 alikubali nishani kutoka serikali ya Hitler. Mei 1937 watu wa ulinzi wa kampuni waliwapiga waandaaji wa chama cha wafanyakazi mbele ya wapiga picha, na Ford akawa wa mwisho kati ya makampuni makubwa matatu ya Detroit kukubali chama hicho, mwaka 1941. Mtoto wake wa pekee, Edsel, alifariki mwaka 1943, na mzee akarudi kwenye usukani akiwa amechoka, mpaka mjukuu alipomrithi mwaka 1945. Alifariki nyumbani tarehe 7 Aprili 1947 akiwa na miaka 83. Usiku huo mto ulikuwa umefurika na umeme umekatika. Mtu aliyewahi kuwa mhandisi wa umeme akaaga dunia kwa mwanga wa taa za mafuta na mishumaa.

Nilichopaswa kumjibu

Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nayo inacheza mchezo uleule. Gari lililokamilika likitoka nje linatozwa ushuru wa forodha, wakati vipande vilivyokuja kuunganishwa huku vinasamehewa. Ndiyo maana kuna viwanda vya kuunganishia Thika, Nairobi na Mombasa. Kwenye midahalo yetu ya chuo mara nyingi naona tunagawanyika pande mbili, wa kupandisha ushuru na wa kuufuta, kana kwamba ushuru ni dawa au sumu.

Maisha ya Ford yananionyesha kwamba ushuru unaweza kweli kuleta kiwanda, na Walkerville ni ushahidi. Lakini Walkerville ilikuwa na soko la himaya nyuma yake, na Cork baada ya mwaka 1923 ilikuwa na soko la nchi moja ndogo. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura kwenye mdahalo tuulize ukuta huu unazunguka wanunuzi wangapi. Tuulize kiwanda kitatengeneza nini ndani na kitafunga boliti za nani. Na tuulize siku mpaka ukibadilika, yule fundi atakwenda wapi.

Yule mwanafunzi sasa yuko kidato cha nne. Nikirudi kwenye ile shule nitamchorea mto ubaoni, kiwanda upande huu na kiwanda upande ule, na katikati ya maji nitaandika asilimia 35.